Kataeni Kutumwa

Ndugu zangu, kifo cha Sokrates mnakijua: kikombe cha sumu gerezani Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo. Leo nawaita mtazame siku mbili zilizotangulia.

Mwaka 406, majemadari wa Athens walishinda vita vya baharini karibu na Arginusae, lakini dhoruba ikawazuia kuwaopoa mabaharia wao waliokuwa wakizama. Umma uliwaka hasira. Ukataka majemadari wahukumiwe wote kwa kura moja, kinyume cha sheria. Sokrates alikuwa katika zamu ya wasimamizi wa baraza. Wenzake walitishwa wakanywea, yeye alikataa. Hakuwaokoa. Majemadari sita waliuawa, na baadaye mji ukajuta.

Kisha Athens ikashindwa vita na Sparta, wakatawala madhalimu thelathini. Hao waliua watu na kupora mali, tena walitaka raia wengi iwezekanavyo wachafue mikono pamoja nao. Wakawaita watu watano, Sokrates akiwamo, wakawaamuru waende kisiwani Salamis wakamlete mtu aitwaye Leon, auawe. Wanne wakaenda. Sokrates akaenda zake nyumbani.

Watazameni hao wanne! Hawakushika upanga, walivuka maji tu, wakamleta mtu, na Leon akafa. Dhuluma yote duniani inaishi kwa watu wa namna hiyo: anayepeleka barua, anayegonga muhuri, anayefungua lango usiku, kisha anasema nilitumwa. Ndugu yangu, ulitumwa, lakini miguu ilikuwa yako! Ungeweza kuigeuza.

Mnaniuliza, kukataa kwa mmoja kulisaidia nini, ikiwa Leon alikufa vilevile? Nami nasema: wangekataa wote watano, madhalimu wangelazimika kuvuka wenyewe.

Naye Sokrates, akiwa mzee wa miaka 70, alisimama mbele ya mahakama ya raia akishtakiwa kudharau miungu na kupotosha vijana. Madhalimu walikuwa wameanguka, na kuwalaani kulipendeza kila sikio. Kwa simulizi ya Plato, Sokrates alieleza habari ya Leon, lakini kwanza aliwakumbusha raia wale habari ya majemadari, dhambi ya umma wenyewe, nao wakiwa wameshika kura ya uhai wake. Ninyi mnaokemea watawala kila siku, nawasihi kwa moyo wote: ni lini mtathubutu kuwaambia hivyo watu wa upande wenu?