Mzee Akitafuta Neno, Tumpe?

Mtu mzima akikwama katikati ya sentensi, anatafuta jina la kitu, kumpa neno ni wema au ni kumnyang'anya? Swali hili linanisumbua tangu baba yangu mdogo apate kiharusi hapa Kibirizi.

Amevua dagaa Ziwa Tanganyika tangu ujana wake. Karabai anaijua kwa mikono. Anaonyesha hata inavyopigwa pampu. Jina ndilo halitoki. "Niletee ile... ile ya... ah!" Wataalamu wanaiita afasia: kiharusi kimejeruhi sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha, lakini kukijua kitu kumebaki. Ukimtajia karabai anaitikia palepale. Ukimtajia kasia anakunja uso.

Huruma ya majirani ni ya haraka. Kabla hajavuta pumzi, watatu wameshamjibia. Baada ya muda akaacha hata kuanza sentensi, na watu wakaanza kusema mbele yake, "Mzee siku hizi haelewi." Yaani msaada ulimnyamazisha, kisha ukimya wake ukaitwa upungufu wa akili.

Tiba ya usemi ina njia nyingine. Mtaalamu haanzi kwa kutaja neno. Anauliza: kinafanya kazi gani? Kinatumika wapi? Ikishindikana, anatoa sauti ya mwanzo tu: "ka..." Na Kiswahili chenyewe kinaongeza kidokezo. Mzee akisema "ile", huenda hatafuti kisu wala mtumbwi. Hivyo vingekuwa "kile" na "ule". Jina limekwama, lakini mara nyingine ngeli yake imeshatangulia. Mwenye subira atamrudishia: "Ile ya kuvutia dagaa usiku?" Hapo mzee ana pa kushika.

Lakini subira nayo inaweza kugeuka ukatili. Mtu ana kiu, ananyoosha mkono kwenye kikombe, wewe unamwambia, "Sema kwanza: maji"? Hiyo si tiba. Ni kumgeuza mtu mzima mtoto wa chekechea mbele ya wajukuu zake.

Kwa hiyo naona swali la haki ni hili: sasa hivi anataka kitu, au anataka kusema? Akitaka maji, apewe maji. Akitaka kusimulia alivyopigwa na mawimbi, aachiwe simulizi yake. Usipojua, muulize: "Baba, nikusaidie?" Kutikisa kichwa kunatosha kuwa jibu.

Sisi wapenda fasihi tulipaswa kulijua hili mapema. Tomas Tranströmer, mshairi wa Sweden, alipata kiharusi mwaka 1990, akabaki na afasia. Bado alichapisha vitabu vya mashairi mwaka 1996 na 2004, na mwaka 2011 akatunukiwa Nobel ya Fasihi. Shairi hatulipimi kwa wingi wa maneno wala kwa kasi yake. Kwa nini mzee tumpime hivyo?

Neno alilolipata mwenyewe, hata likichelewa dakika nzima, ni kauli yake. Nililomtilia mimi mdomoni ni dhana yangu tu kuhusu anachofikiri, na huenda anakubali kwa sababu amechoka. Wataalamu wa tiba hii ni wachache sana kwetu, lakini kuzima redio, kukaa naye uso kwa uso na kungoja, hilo kila nyumba inaliweza.