Anayenunua Pakiti Hanunui Nguvu ya Dawa

Mfugaji anayechanganya antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji ya vifaranga wazima, ili tu wasije wakaumwa, huonekana mtu mwangalifu. Kuku ni wake, banda ni lake, dawa kainunua kwa fedha yake halali. Nasema hesabu hiyo ina kasoro. Unga uliomo kwenye pakiti ni mali ya mnunuzi, lakini uwezo wa unga huo kutibu si mali ya mtu mmoja: unadumu maadamu bakteria bado wanadhurika nao. Kila dozi isiyo ya lazima huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, nao huzaana na kuwagawia bakteria wengine jeni za usugu, hata wasio wa aina yao. Anayepunjwa ni mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, au mama ambaye kidonda chake cha upasuaji kimeoza, na hao hawakuwepo dukani pesa ilipotolewa.

Huenda mtu akadai kwamba banda moja haliwezi kuidhuru dunia. Mwaka 1976 Stuart Levy na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwenye shamba moja huko Massachusetts, Marekani, ambako kuku walilishwa chakula chenye oksitetrasaiklini. Baada ya wiki moja tu, karibu bakteria wote wa matumbo waliochunguzwa kwa kuku hao walikuwa sugu. Miezi ilipopita, usugu ukaongezeka kwa watu walioishi shambani humo, kuliko kwa majirani zao. Mabanda yakiwa mengi, matokeo huonekana nchi nzima. Huko Quebec, Kanada, vituo vya kutotolesha vifaranga vilipoacha kudunga mayai antibiotiki ya seftiofa mwaka 2005, usugu wa bakteria wa salmonela dhidi ya dawa hiyo ulishuka kwenye nyama ya kuku na kwa wagonjwa pia. Dawa iliporudishwa kwa kiasi miaka miwili baadaye, usugu ukapanda tena. Kwa hiyo udogo wa mchango wa mtu haumwondolei dhima. Wanazuoni wa fikihi walikwisha kusema kwamba haki ya kutumia mali yako hukoma pale inapomdhuru mwenzako, na Wakristo hufundishwa kuwa binadamu ni wakili tu wa vitu alivyopewa. Kilicho kigeni hapa ni umbali wa jirani anayedhurika, na sioni dini inayosamehe madhara kwa sababu aliyeumia yuko mbali.

Pingamizi zito zaidi ni la huruma: je, tumwache mnyama ateseke? Hasha. Kuku aliyethibitika kuugua ugonjwa wa bakteria anastahili dawa, kwa kipimo kamili. Ila dozi ya kuku wazima mara nyingi hufunika msongamano, maranda yaliyolowa na maji machafu, yaani mateso yenyewe, ili yaweze kuendelea bila hasara. Hiyo si huruma. Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku kama hiyo mwaka 2006, na ufugaji wa kuku haukufa.

Bado yupo mjane mwenye kuku mia mbili na mkopo wa kikundi, ambaye vifo vya wiki moja vinaweza kumfilisi. Kumhubiria huyu maadili bila kumpa njia ni dhuluma nyingine. Lakini tuitazame hofu yake: adui anayefagia mabanda yetu mara nyingi ni kideri, na kideri huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiwezi kuvigusa. Kinga yake ni chanjo, tena ipo ya tone la jichoni inayostahimili joto la vijijini kwetu. Akinunua antibiotiki kwa sababu ya kideri, mjane huyo hupoteza fedha, kuku na nguvu ya dawa kwa pamoja. Ndiyo maana lawama kubwa siiweki kwake. Naiweka kwa muuzaji anayetoa pakiti bila kuuliza kuku wana dalili gani, na kwa serikali inayoacha kata nzima bila ofisa mifugo. Muuzaji, uliza kwanza. Serikali, peleka wataalamu na chanjo. Na wewe mfugaji, ukishalazimika kutibu, usiuze yai wala nyama kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti hazijatimia.