Nyota za Unga: Mafundisho ya Noeli kwa Wakatekumeni

Siku za Majilio zikielekea mwisho, mvua hunyesha katika mtaa wa Karavia, mjini Lubumbashi, maembe huiva, na watoto huulizana ni siku ngapi zimebaki hata Noeli. Wazazi huulizana neno jingine: nyumba itapambwa kwa nini, ikiwa fedha ni chache? Jibu limo jikoni. Unga kidogo na karanga zatosha, tena zina mafundisho ambayo karatasi zing'aazo za dukani hazina.

Kwanza, kazi yenyewe. Mama huchanganya unga wa ngano, sukari, chumvi kidogo, mafuta na maji. Hatii chachu, maana mkate uliochachuka huota ukungu upesi wakati wa mvua. Baba husukuma donge kwa chupa, na watoto hukata nyota, kondoo na wachungaji kwa kisu. Kila kimoja hutobolewa tundu la uzi kabla ya kuokwa. Asiye na tanuru huweka sufuria juu ya mbabula, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, hata vikauke vizuri. Karanga zenye maganda hutungwa kwa sindano kama shanga. Kisha vyote hutundikwa juu ya pango la Noeli.

Desturi hii si ngeni kwa Wakristu. Zamani katika Ujerumani, tarehe 24 Desemba, watu walimkumbuka Adamu na Eva, wakatundika matofaa mtini kwa ajili ya tunda lile lililoleta mauti. Maandishi ya Strasbourg ya mwaka 1605 yataja miti iliyowekwa nyumbani, yenye matofaa, mikate myembamba na sukari. Hivyo mti mmoja waweza kufundisha mawili: tunda la dhambi na mkate wa wokovu. Nako Ubelgiji, walikotoka Wabenediktini waliofika Katanga mwaka 1910, hata leo huokwa mkate wa Noeli wenye umbo la Mtoto Yezu aliyefungwa nguo za kitoto.

Kwa nini mkate? Jina Betlehemu, kwa Kiebrania, maana yake ni nyumba ya mkate. Huko Bwana alizaliwa, akalazwa horini, mahali wanyama wanapolia chakula. Yeye atakayejiita Mkate wa Uzima aliwekwa tangu siku ya kwanza mahali pa kulia.

Lakini huenda bibi wa nyumba akakemea: “Wanangu, chakula si mchezo. Wako wanaolala njaa.” Bibi amesema kweli, na neno lake lisipuuzwe. Unga ukitundikwa mpaka uoze, huo ni upotevu, tena ni dhambi mbele ya mwenye njaa. Kwa hiyo isitundikwe nyota ambayo haitaliwa. Na siku ya Noeli, nyota ya kwanza kushushwa isiwe ya mtoto wa nyumba, bali ya jirani ambaye mbabula yake haina moto. Mtoto mwenyewe aipeleke kwa mikono miwili. Nyumba yenye nyota ishirini, huku jirani hana bukari, imejihukumu kwa mapambo yake yenyewe.

Tena jihadharini. Nyota hii si Ekaristi, wala si hirizi. Ni chakula cha kawaida, hata kama padri amekibariki. Asiwepo wa kuficha kipande chini ya mkeka, wala kukifunga shingoni mwa mtoto ili kukinga maradhi. Mtoto mgonjwa apelekwe kwa mganga wa zahanati, naye aombewe. Nyota na iliwe.

Sasa mtazameni mtoto mdogo. Nyota inaning'inia mbele ya macho yake, harufu yake anaisikia, naye anyoosha mkono. Mama asema, “Ngoja, mwanangu, hata turudi Misa. Ile pale ni yako.” Mtoto alia kidogo, kisha angoja. Je, mama hampendi? Ampenda, naye amemwekea fungu lake.

Mkatekumeni ni kama mtoto huyo. Kila Dominika awaona wenzake wakiiendea meza ya Bwana, naye abaki mahali pake. Wengine huona haya, wakasema moyoni, “Nimekataliwa.” Wengine hushawishika kujipenyeza katika mstari ili watu wasiwacheke. Wote wawili wamekosea. Anayengoja hakukataliwa, fungu lake limekwisha kuwekwa, nalo atalipokea kwa njia ya Ubatizo. Ajifunze, aache dhambi, asali, apatane na mkewe na jirani yake. Kungoja hivyo ni kujitayarisha kula.

Kusudi la juma hili: kila nyumba iokeleze nyota moja kwa ajili ya jirani mmoja.

Maswali. Jina Betlehemu maana yake nini? Nyumba ya mkate. Je, nyota ya unga ni Ekaristi? La, ni chakula cha kawaida. Je, mkatekumeni amekataliwa mezani? La, amewekewa fungu lake, naye hulingoja kwa imani.