Karanga za Kongwa

Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, Waingereza bado waligawiwa mafuta ya kula kwa kadi. Serikali yao ikaitupia macho Tanganyika. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa nchini, ulizunguka wiki tisa, sehemu kubwa ukiitazama nchi kutoka kwenye ndege, ukapendekeza zilimwe ekari zipatazo milioni tatu za karanga. Kazi ikaanzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo.

Wagogo wenyewe waliishi pale kwa ng'ombe, uwele na mtama. Mashamba yao yalikuwa na majibu tayari, kwa yeyote ambaye angeshuka akayasoma. Mtama hupeleka mizizi chini sana kufuata unyevu. Majani yake yamepakwa nta inayozuia maji yasipotee, na jua likizidi hujikunja. Mvua ikikatika katikati ya msimu, mmea husimamisha ukuaji ukangoja. Mvua ikirudi, huendelea pale ulipoachia. Uwele una njia yake: hukomaa mapema kabla maji hayajaisha, huvumilia udongo uliochoka, na shina la kwanza likiungua, machipukizi ya pembeni hubeba masuke. Mazao haya hayakuwekwa Ugogo na umaskini wa fikra. Yalichaguliwa na njaa za vizazi vingi.

Karanga nayo si mnyonge. Ina mzizi mkuu unaozama, na vinundu vya mizizi yake hufuga bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hivyo huweza kukua hata mahali palipopungukiwa na rutuba. Anayezisoma sifa hizo peke yake ataona imeumbiwa nchi kame. Lakini karanga huzaa kwa namna ya pekee. Ua huchanua juu, na likishachavushwa hutoa kijiti kinachoinama, kikatoboa ardhi, kisha ganda huvimba humo chini. Udongo wa juu usipokuwa tifutifu, vijiti vingi havipenyi. Na ukigandamana wakati wa kuvuna, maganda hukatika na kubaki ardhini.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Masika yakiisha, hukauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji.

Yaletwe matrekta, yaletwe mabuldoza, vigeuzwe hata vifaru vya vita kuwa matrekta: hakuna kilichobadili hilo. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya kukokotwa, na mashine zilizong'oa miti ziliishindilia ardhi hiyohiyo iliyotakiwa kulegea. Mwaka 1947 zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Kisha ukame ukaja, kama unavyokuja Dodoma mara kwa mara. Januari 1951 mpango ulivunjwa, zaidi ya pauni milioni 35 zikiwa zimepotea, na sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe. Wengi hulaumu mashine na vipuri. Mimi naona hata zingekuwa mpya zote, udongo ungezishikilia karanga vilevile.

Nayasema haya kwa sababu kosa hilo la kuchagua zao bila kuisoma nchi bado linarudiwa, safari hii kwa mahindi na katika mashamba ya watu wasio na serikali ya kuwalipia hasara. Mahindi hustawi vizuri tu mpaka yanapochanua. Kiangazi kikiingia wiki hizo, nywele za gunzi huchelewa kutoka, mbelewele ikiwa imekwisha kumwaga chavua, na gunzi linabaki na punje za kuhesabu. Mvua ya baadaye hairudishi kitu. Mtama uliopandwa siku hiyohiyo shamba la jirani huenda bado unangoja, mzima.

Anayefikiria zao jipya Kongwa, Bahi au Manyoni asiitazame ardhi wakati wa mvua, kwani wakati huo kila udongo ni laini. Aende Juni na jembe la mkono, achimbe kina cha kiganja sehemu tatu nne za shamba. Palipo na kichanga kinachomwagika, karanga zitavunika. Palipo na mfinyanzi unaorudisha jembe, apande mtama, na apande mapema, mizizi iwahi kushuka kabla ya mvua kukatika.