Tundu na Nia

Asubuhi moja huko Sotik, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya chai na baridi ikiwakumbusha wageni kwamba bara si pwani, nilimkuta mama mmoja barazani akifuma kizibao cha sufu, nacho kifuani kina utepe wa kimia, matundu yake yamepangana mithili ya majani. Nikamwuliza kwa adabu, mbona vazi la kuzuia baridi analitoboa? "Mwanangu," akanijibu bila kuinua macho, "sikutoboa, nimefuma."

Jawabu hilo lilinishughulisha. Maana katika kimia, kila azungushapo mfumaji uzi juu ya sindano ili tundu lizaliwe, hana budi kufuma vitanzi viwili kwa pamoja, hata hesabu ya mstari, ikiwa ni 96, ibaki 96 ile ile. Kwa hiyo tundu halipunguzi kitu, kwani limekwisha kulipiwa. Lakini kitanzi kikiponyoka kwa ghafula, nacho huacha tundu, pengine la kadiri ile ile, nalo lisipozibwa hufumuka mstari kwa mstari hadi pindoni.

Basi ni nini kitengacho pambo na kasoro, ilhali utupu ni mmoja? Naona ni nia, pamoja na uthabiti wa vitanzi vilishikavyo tundu pande zote. Washonaji wa kofia za Lamu, wazungushiao uzi kila kijitundu, hulijua jambo hili; na yamkini umri wa binadamu nao, wenye mapengo ya misiba na subira, huhukumiwa kwa vile vitanzi vilivyoyazunguka.