Kuongozwa Bila Kushikwa

Je, Mungu akituongoza, uhuru wetu unabaki wapi? Mwanafunzi mmoja wa theolojia aliniuliza swali hili darasani, nami nikamjibu kwa haraka mno. Jibu nililopaswa kumpa lilinijia baadaye, Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872.

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo. Katika njia hiyo moja walipita watu wa namna mbili. Wako waliotembea na kongwa shingoni wasitoroke. Wako pia wapagazi wa Kinyamwezi, walioajiriwa kwa ujira, wakimfuata kirangozi aliyetangulia kwa ngoma na wimbo. Njia ni ile ile, mizigo ni mizito kwa wote. Kilichotofautiana ni namna ya kuongozwa.

Kijana wa usharika wetu anayesoma fizikia alinieleza jambo linalofanana na hilo. Wanasayansi hupoza atomu kwa mwanga wa leza na mbinu nyingine, mpaka zikaribie kabisa baridi ya mwisho, nyuzi 273 chini ya sifuri. Atomu zilizotulizwa hivyo huweza kupima kwa usahihi mkubwa mvuto wa dunia na mzunguko wake. Lakini zikigusa ukuta wenye joto, utulivu wote hupotea. Kwa hiyo, katika baadhi ya vifaa, huongozwa kwa nguvu ya sumaku ndani ya chombo kilichotolewa hewa, bila kuguswa na kitu.

Nilimsikiliza nikaona aibu. Nilipokuwa mchungaji mgeni kazini, nilimsimamisha binti mmoja mbele ya usharika aungame kosa lake. Nilidhani namwongoza, kumbe nilimvika kongwa. Hakurudi tena ibadani.

Hata hivyo, mfano wa atomu una kikomo. Atomu haina hiari ya kuikataa sumaku. Mpagazi aliweza kutua mzigo na kutoroka, na wengi walitoroka. Livingstone alipofariki mwaka 1873, akina Susi na Chuma waliubeba mwili wake kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron, Mwingereza, aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Hakuna aliyewashurutisha, aliyewahi kuwaongoza alikuwa maiti mabegani mwao.

Hapo ndipo ninapomwelewa Martin Luther, aliyefundisha mwaka 1520 kwamba Mkristo aliyewekwa huru kwa imani hujitoa kuwatumikia wote kwa upendo. Mungu hutuvuta, hatufungi. Uhuru wetu haupotei katika kumfuata. Ndimo unamopata kazi yake.

Binti yule sasa ni mama wa watoto. Nimewaomba wazee wa usharika tumwendee nyumbani kwake, tusimwite ofisini. Nitamwomba msamaha. Kurudi au kutorudi, hilo tutamwachia yeye.