Subira Huvuta Heri, Lakini Nani Aliyefunga Mlango?

Wahenga walisema subira huvuta heri, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeiandika methali hii katika insha nyingi bila kuihoji. Leo nataka kuihoji jambo moja: ni nani mwenye haki ya kumwambia mwenzake asubiri? Nitatumia mfano wa mchezaji wa Australia, Erin Phillips.

Phillips alizaliwa mwaka 1985. Baba yake, Greg Phillips, alikuwa mchezaji mashuhuri wa klabu ya Port Adelaide katika kandanda ya Kiaustralia, mchezo ambao uwanja wake na mpira wake vina umbo la yai, na mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi. Erin aliucheza na wavulana tangu utotoni. Alipofika miaka 13 aliambiwa basi. Hakupungukiwa na kipaji. Msichana wa umri huo hakuruhusiwa tena kucheza na wavulana, na mbele yake hapakuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake. Akageukia mpira wa kikapu. Huko alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, kisha akatwaa ubingwa wa WNBA nchini Marekani mara mbili, mwaka 2012 na 2014.

Ligi ya kulipwa ya wanawake, AFLW, ilianza mwaka 2017, miaka 120 baada ya ligi kuu ya wanaume kuanza mwaka 1897. Phillips, akiwa na miaka 31, alijiunga na Adelaide. Msimu huohuo timu yake ikawa bingwa naye akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2019 akayapata yote mawili tena.

Wapo watakaosema kwamba methali imetimia. Mimi nasita, kwa sababu mbili.

Kwanza, Phillips hakukaa akasubiri, aliondoka. Wala mlango haukufunguka wenyewe. Wanawake wa jimbo la Victoria, kwa mfano, walikuwa na ligi yao tangu mwaka 1981, wakicheza bila kulipwa. Kilichovuta heri ni juhudi za watu kama hao waliokataa kuuacha mchezo.

Pili, tunamjua Phillips kwa sababu alipata njia nyingine. Je, msichana wa rika lake ambaye kipaji chake kilikuwa katika mpira ule tu? Huyo hana medali, na sisi hatuna jina lake. Aliyepita dirishani hathibitishi kwamba mlango ulikuwa wazi.

Huenda mtu akajibu kwamba ligi haikuanzishwa mapema kwa kuwa watazamaji hawakuwapo. Lakini katika fainali ya mwaka 2019, uwanjani Adelaide Oval, walihudhuria watu 53,034. Ni kweli, hapakuwa na kiingilio. Hata hivyo, mtu hatoi siku yake kwa jambo asilolijali. Tena, watu watapendaje mchezo ambao hawajawahi kuonyeshwa?

Katika fainali hiyohiyo, Phillips alikatika kano ya goti akiwa na miaka 33. Alirudi uwanjani, akatwaa ubingwa mwingine na Adelaide mwaka 2022, akawa nahodha wa kwanza wa timu ya wanawake ya Port Adelaide, na akastaafu mwaka 2023. Lakini kati ya miaka 13 na 31 kuna miaka 18, na ndiyo miaka ambayo mwili una nguvu zaidi. Hakuna kombe linaloirudisha. Subira ina gharama, na hapa gharama ililipwa na aliyefungiwa, si na waliofunga.

Katika shule ya msingi niliyosoma hapa Uganda, sisi wasichana tulipoomba mpira tuliambiwa tusubiri wavulana wamalize. Mara nyingi kengele ililia kabla hawajamaliza. Ni jambo dogo, lakini hata hapo neno lilikuwa lilelile.

Simaanishi kwamba wahenga walikosea. Mkulima anayengoja mvua hana budi kuvuta subira, na mgonjwa anayengoja mfupa uunge vilevile, kwani hakuna mtu aliyewanyima. Hapo subira ni fadhila. Lakini pale ambapo kizuizi kimewekwa na binadamu, anayehubiri subira huku akiendelea kukilinda anamtaka mwenzake alipe deni lisilo lake. Mtu anaweza kujiambia mwenyewe asubiri. Anayesaidia kukiondoa kizuizi pia anaweza kumwomba mwenzake asikate tamaa. Aliyekiweka hana haki hiyo.

Basi kabla ya kumwambia mtu avute subira, tujiulize kwanza ufunguo uko mfukoni mwa nani.